Kumpeleka grehaundi kwenye darasa la utiifu Mbeya, hatua kwa hatua

Mbwa wangu ni grehaundi, ile aina ya mbwa wembamba wa mbio, na anaitwa Sindano. Watoto ndio waliompa jina hilo, walipouona mdomo wake mrefu ukichungulia dirishani mwa gari lililomleta. Alitoka Mufindi akiwa na miezi kumi, kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Wiki mbili za kwanza hapa Ilomba sikupita nyumba tatu bila kuulizwa swali lile lile: "Mama Neema, huyo mbwa mnamlisha kweli?" Ndivyo grehaundi alivyo. Zikionekana mbavu mbili tatu za mwisho, yuko sawa. Akinenepa kama mbwa wa buchani, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Wiki ya tatu akaua jogoo wa jirani. Nikalipa jogoo, nikaomba radhi, nikaanza kuulizia mwalimu wa mbwa. Haya ni ya Jumamosi nane nilizokwenda naye darasani. Nayaandika kwa sababu masomo mengi ya utiifu yametungwa kwa kumfikiria mbwa wa polisi, yule German Shepherd, na grehaundi ni kiumbe mwingine kabisa. German Shepherd anakutazama usoni akingoja umtume. Grehaundi alizalishwa miaka na miaka akimbie mbele ya mwindaji na aamue mwenyewe, tena hawindi kwa pua bali kwa macho. Kitu kikikimbia kule mbali, macho yameshaondoka naye kabla sikio halijakusikia. Mwendo wake akifungua miguu unakaribia kilomita 70 kwa saa. Magari yenyewe mjini yanatakiwa yasizidi 50.

Hatua ya 1: Anza kwa daktari wa mifugo

Usimwingize mbwa kwenye kundi bila kadi ya chanjo, na mkufunzi asiyeuliza kadi hiyo mkimbie. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Kando yake kuna chanjo ya mchanganyiko inayomkinga na magonjwa ya parvo na distempa. Bwana mifugo wa kata yako ndiye wa kuanza naye. Ulizia pia kampeni za chanjo karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mpe dawa ya minyoo, mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani mpaka limalizike, vinginevyo Jumamosi hiyo hakuna atakayejifunza chochote.

Ukiwa hapo, mwambie daktari aandike kwenye kadi kwamba huyu ni grehaundi. Mbwa hawa wana mafuta kidogo mwilini, na ini lao huchelewa kuondoa baadhi ya dawa za usingizi, hasa za jamii ya thiopentoni. Dozi inayomfaa mbwa mwingine wa kilo 30 inaweza kumlaza huyu kupita kiasi. Siku atakapofungwa uzazi utashukuru kwamba iliandikwa.

Hatua ya 2: Mtazame mkufunzi akifundisha wengine

Huku kwetu hutakuta kibao barabarani kinachosema shule ya mbwa. Uliza kwa daktari wa mifugo, uliza walinzi wanaotembea na mbwa, uliza wenye mbwa waliotulia. Wengi wanaofundisha walipitia kikosi cha mbwa na farasi cha polisi, au kampuni za ulinzi. Wa kwetu ni mstaafu, sote tunamwita Afande, na darasa lake ni watu watano sita kwenye uwanja wa shule.

Nenda mara ya kwanza bila mbwa. Kaa pembeni, tazama mikia. Mikia ikiwa imeingia katikati ya miguu, rudi nyumbani. Tazama pia kama mkufunzi anamfundisha mwenye mbwa au anamnyang'anya kamba na kufanya mwenyewe, maana huyo akiondoka, utiifu nao unaondoka naye. Mwambie mapema kwamba hutaki somo la kung'ata. Kisha muulize swali moja: mbwa akikataa kuketi, unafanyaje? Akijibu kwamba anamkandamiza kiuno, msikilizane kabla hujalipa. Nitarudi hapo.

Hatua ya 3: Kola, na hapa usibane matumizi

Shingo ya grehaundi ni nene kuliko kichwa chake. Kola ya kawaida ya duka la pembejeo, hata ukiikaza namna gani, akirudi nyuma hatua mbili inavuka masikio na kubaki mkononi mwako, na mbwa yuko barabarani. Sindano alinifanyia hivyo karibu na lami kuu ya kwenda Tunduma, malori yakipita. Sitaki kuikumbuka siku ile.

Kinachotakiwa ni kola ya vitanzi viwili. Sikuikuta dukani, nikachora kwenye karatasi, nikampelekea fundi wa mabegi Mwanjelwa. Mchoro ni huu: mkanda wa begi wenye upana wa sentimita 4 au 5, una pete ya chuma kila ncha. Katika pete hizo mbili unapita mkanda mwembamba ulioshonwa kuwa duara, wenye pete yake ndogo ya kufungia kamba. Mbwa akivuta, duara dogo linazivuta pete kubwa zikaribiane na kola inabana kiasi. Akilegeza, inalegea. Ipime akiwa amevaa: ukivuta, pete mbili zisigusane, uache nafasi ya vidole viwili. Zikigusana ni kubwa, itatoka. Ndani mwambie fundi ashone kitambaa laini, kwa sababu ngozi ya mbwa huyu ni nyembamba na huchanika kwa vitu ambavyo mbwa wa kienyeji hata havihisi. Fundi wangu aliniuliza mara mbili kama ni ya mbwa au ya ndama.

Kamba iwe ya mita moja na nusu mpaka mbili. Usikubali kamba ndefu ya mita kumi wanayotumia kufundishia mbwa wengine kuja wakiitwa. Grehaundi anachanganya mwendo ndani ya hatua chache, na akifika mwisho wa kamba kwa kasi ile, shingo ndiyo inayopokea mshtuko wote. Kadhalika mnyororo wa kubana shingo: ukataze kwa adabu, lakini ukataze.

Hatua ya 4: Kubalianeni maneno nyumbani

Hili ndilo lililonichelewesha wiki tatu, na sikulitegemea. Kiswahili chetu kinatumia "kaa" kwa kuketi, kwa kubaki mahali na hata kwa kuishi. Afande anasema "kaa" kwa yote mawili, na mbwa wake wanaelewa kwa sababu ya mkono na sauti yake. Nyumbani mimi nasema kaa, binti wa kazi anasema kaa chini, mwanangu mdogo anasema keti. Mbwa atajuaje?

Halafu "njoo". Kwenye uwanja wenye watoto wanne neno hilo linapigwa kelele mara hamsini kabla ya chakula cha mchana, na mara arobaini na tisa si la mbwa. Neno lililochoka namna hiyo halimrudishi mnyama anayekimbiza kuku. Isitoshe, masikioni mwa mbwa "njoo" na "ngoja" zinaanza kukaribiana, na maana zake zinapingana.

Mwisho tuliandika orodha kwa marka, tukaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Simama, ni kusimama. Tulia, ni kubaki hapo hapo. Lala. Twende, ni kutembea pembeni yangu. Kwa kuacha kitu tulichagua "mwiko", kwa sababu "acha" nayo imeshachoka, na watoto waliipenda. Kwa kurudi tulichagua filimbi ya refa, si neno. Mwenzetu mmoja darasani alichagua "karibu", akidhani amepata neno zuri. Sasa kila mgeni akibisha hodi na kukaribishwa, mbwa wake ndiye wa kwanza mlangoni.

Kila neno liwe na ishara yake ya mkono. Nimesema mbwa huyu anaishi kwa macho, kwa hiyo mkono wako unamfikia upesi kuliko mdomo. Kiganja kilichonyooka mbele yake ni tulia. Kiganja kinachoshuka ni lala. Sindano alijifunza mikono siku nne, maneno yakafuata.

Hatua ya 5: Wiki moja kabla, dakika tano kwa siku

Lengo ni moja tu, asikie jina lake akutazame. Sema jina mara moja. Akigeuka, kipande cha ini. Usiliite jina mara tatu nne mfululizo kama unauza nyanya. Sebuleni kwanza, kisha uani, kisha getini watu wakipita. Siku nyingine mpandishe bajaji, mzunguke kidogo mrudi, ili Jumamosi usafiri usiwe jambo jipya juu ya mambo mapya mengine.

Njiani kuna watu wanaoogopa mbwa, na wapo ambao kuguswa na pua yake yenye maji ni kutiwa najisi. Fupisha kamba, mpitishe upande wako wa mbali, toa shikamoo yako kama kawaida. Ukimzoesha hivyo kabla ya darasa, mtaa nao unakuzoea.

Hatua ya 6: Mfuko wa Jumamosi

Ini la ng'ombe lililochemshwa bila chumvi, likatwe vipande vidogo kama punje za mahindi. Dagaa pia wanafaa, ila waoshe chumvi. Usimpe makadamia, ni sumu kwa mbwa, na kwa kuwa siku hizi zinalimwa sana huku Nyanda za Juu kuna watu watakuletea kwa nia njema. Kokwa la parachichi linaweza kumkwama tumboni. Mpe chakula chake masaa matatu hivi kabla ya darasa, si wakati wa kutoka: kifua chake ni kirefu, na kukimbia na tumbo lililojaa kunaweza kulifanya lijae gesi na kujizungusha, na hapo ni mbio za kwenda kwa daktari.

Beba maji, bakuli, karatasi za kuokotea kinyesi, na blanketi. Blanketi si anasa. Juni na Julai asubuhi Mbeya unajua ilivyo, Uyole ndiyo usiseme, na mbwa huyu hana mafuta wala manyoya ya maana. Akitetemeka hasikii. Sweta la mtumba la mtoto wa miaka kumi linamtosha kabisa ukikata mikono ikabaki mifupi. Watu watacheka.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza

Fika robo saa kabla. Mzungushe uwanja kwa kamba, anuse, akojoe. Kisha chagua nafasi ya mwisho kwenye mstari, si katikati, na umgeuze asitazame upande wenye kuku au mbuzi. Sisi tulikuwa tunasimamisha bajaji kati yetu na nyumba za walimu, ikawa kama pazia. Darasani akiwemo mbwa mdogo mwenye manyoya mengi, mwombe mwenye mbwa huyo asimame mbali. Machoni pa grehaundi, kitu kidogo cheupe kinachorukaruka ni sungura mpaka itakapothibitika vinginevyo. Kifunga mdomo cha waya, kile anachoweza kuhemea na kunywea maji, mvalishe wiki mbili za mwanzo. Hakimdhuru, na kinawatuliza wengine.

Inawezekana akaganda. Anasimama kama sanamu, hasogei, macho mbali. Nilidhani anafanya kiburi. Hapana, mambo yamemzidi. Usivute. Nenda ubavuni mwake, msukume taratibu kwa bega apoteze msimamo kidogo, mzunguke duara dogo, mwendelee. Ishara za kuchoka zinaanza mapema: anapiga miayo, analamba midomo, anakataa ini. Akikataa ini, somo limekwisha kwenu, hata kama wenzenu wana nusu saa nyingine. Siku ya kwanza tulikaa dakika ishirini. Afande alikunja uso kidogo, akatuacha twende.

Hatua ya 8: Suala la kuketi

Mapaja ya grehaundi ni misuli mitupu, mgongo mrefu, matako hayana nyama ya kukalia. Wapo wanaoketi, lakini wengi hawapendi, na wakiketi wanaelea juu ya ardhi kama mtu aliyekuta benchi limelowa. Darasa la kawaida huanza na keti, na kila kitu kinajengwa juu yake: keti kabla ya chakula, keti mlangoni, keti mwenye mbwa akisimama kuongea.

Wiki ya pili Afande alikuja kutusaidia. Akaweka mkono kiunoni mwa Sindano, akakandamiza. Kilichofuata ni kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mnyama mwingine. Mlinzi wa shule alikuja mbio. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo aliitua. Wote walidhani mbwa amevunjwa mguu, naye hakuwa na hata mkwaruzo. Grehaundi hulia hivyo kwa jambo dogo, na ni vizuri uwaonye wenzako mapema. Afande aliondoa mkono, akanitazama, akasema, "Mama Neema, huyu si wa kusukumwa." Tangu siku hiyo tulifanya kwa njia nyingine.

Penye keti, weka simama na tulia. Mbwa akiwa amesimama pembeni yako, onyesha kiganja, sema tulia, hesabu mpaka mbili kimoyomoyo, mpe ini akiwa bado amesimama. Kesho yake hesabu tano. Kisha rudi nyuma hatua moja, urejee umpe. Ukimwita aje kuchukua ini, umemfundisha kuondoka, kwa hiyo mfuate wewe. Mwishoni mwa mwezi Sindano alisimama dakika mbili nikiwa umbali wa hatua kumi, na mbwa wanaoketi hawakuwa wamemzidi kwa lolote.

Lala ni rahisi kuliko unavyodhani, mradi usimfundishie kwenye nyasi zenye umande. Viwiko vyake ni mfupa na ngozi. Tandika blanketi. Nyumbani jioni, anapojilaza mwenyewe, sema lala wakati magoti yanakunjika, weka ini katikati ya miguu ya mbele. Fanya hivyo siku kumi bila kumwamuru hata mara moja. Siku ya kumi na moja sema lala ukishusha kiganja, uone.

Hatua ya 9: Kurudi akiitwa

Piga filimbi mara moja fupi akiwa karibu, mpe ini nyingi, siyo kipande kimoja. Filimbi lazima iwe na utajiri kuliko neno lolote. Kisha mtu wa pili amshike, wewe ukimbie umpe mgongo, upige filimbi, yeye aachie. Hapo macho yake yanakufanyia kazi, kwa sababu wewe ndiye unayekimbia. Fanya hivyo kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta pekee, kwa ruhusa, na ukague geti mwenyewe. Usiipige filimbi kwa kumwita kuoga wala kwa kumfungia ndani. Mara mbili tatu za namna hiyo, imeharibika.

Niseme wazi: hata baada ya wiki nane, hata baada ya miaka, sitamfungua kamba mahali pasipo na ukuta. Filimbi ni ya dharura, kamba ndiyo ya kila siku. Mkufunzi akikuahidi kwamba atamfundisha grehaundi kutembea huru sokoni Soweto, pesa yako ikae mfukoni.

Mwiko kwa kuku ndio ulionipeleka darasani, na ndio uliochukua muda mrefu zaidi. Anza mbali, pale anapomwona kuku lakini bado anaweza kugeuza kichwa. Kwetu ilikuwa hatua arobaini. Sema mwiko, subiri, akikutazama mpe ini na mwondoke pamoja. Sogea hatua mbili kila siku chache. Akianza kukakamaa shingo na kuinua masikio, mmesogea mno, rudini.

Hatua ya 10: Kati ya Jumamosi na Jumamosi

Dakika tatu, mara tatu kwa siku. Zaidi ya hapo anaondoka mwenyewe kwenda kulala, na ana haki. Mvua zikishika, Novemba mpaka Aprili, fanyia kwenye korido: tulia mlangoni, twende mpaka jikoni, lala kwenye blanketi. Kila mtu wa nyumbani ashike zamu, hasa yule anayemfungulia geti.

Akirudi darasani atalala kama gogo, pengine macho yakiwa wazi. Watoto wasimguse wala kumrukia. Mbwa hawa hushtuka usingizini na wanaweza kukung'ata kabla hawajajua ni wewe. Mwiteni jina kwanza, asimame, ndipo mcheze. Ingawa kwetu jina lenyewe lina taabu yake: binti yangu alipoita "Sindano!" kliniki ya mifugo mlangoni, watoto wawili wa mteja mwingine walianza kulia.

Jumamosi ya nane Afande hufanya mtihani mdogo, mbwa wote mstarini, wenye mbwa ng'ambo ya uwanja, dakika mbili. Ana daftari la mistari lenye safu ya jina, safu ya lala, safu ya keti. Kwenye safu ya keti mbwa wengine wote walipata tiki. Mbele ya Sindano aliandika kwa kalamu nyekundu: amesimama, hakusogea, kuku wawili walipita.